Kidimbwi cha samaki: kutwaa cha zamani ao kuchimba kipya?

Majuma matatu sasa kila mkutano wetu unaishia kwenye swali moja. Sanduku la AVEC lina dola 400, ambazo tuliamua mwaka jana tusizigawe zote mwezi wa Desemba, kusudi tufanye nazo kazi moja ya pamoja. Kazi ilichaguliwa bila shida: samaki. Ila mzee mmoja wa bondeni ametuletea neno lake. Ana kidimbwi kikubwa cha ari 4, mita 16 kwa 25, kilichochimbwa na baba yake, nacho kimelala bila kazi tangu familia ilipokimbia vita na kurudi. Anataka dola 350 tukitwae jumla, “pamoja na samaki wake”. Upande wa pili, mmoja wa wanachama ana kipande cha shamba karibu na kijito, naye yuko tayari kutuachia tuchimbe kipya.

Nusu ya chama wanasema: cha zamani, kazi imekwisha kufanyika. Nusu nyingine wanasema: kitu cha watu kina siri za watu. Sisi walimu tulioombwa kuandika hesabu ubaoni tunaileta hapa pia, maana tunajua vyama vingine vya Masisi na dada zetu wa Walikale wana swali lilelile.

Kwanza tukumbushane kwa nini samaki. Huku juu tuna maziwa na jibini kwa mwenye ng'ombe, lakini mama asiye na ng'ombe anapika maharagwe leo, maharagwe kesho, na sombe bila kitu ndani. Sambaza wa ziwa Kivu wanafika sokoni wakiwa wamepanda bei kila kizuizi cha barabara. Makayabo ni ya sikukuu. Tomsoni wa frigo akifika hapa baada ya siku mbili za barabara mbaya, heri kumwacha. Na darasani tunaona wenyewe watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Bwaki haihitaji daktari ili mwalimu aitambue. Samaki wawili watatu kwa juma katika sufuria ya mtoto vinaonekana usoni mwake.

Vidimbwi si jambo jipya kwetu. Wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1940 na 1950, serikali ilisukuma sana ufugaji wa tilapia, na mpaka kufika uhuru, 1960, vilikuwa vimechimbwa zaidi ya 100,000 katika Kongo nzima. Vingi viliachwa baadaye, kwa sababu ya vita, na kwa sababu watu walisukumwa kuchimba bila kufuatiliwa. Ndiyo maana ukishuka katika mabonde yetu unakuta mashimo ya mraba yamejaa majani, na wazee wanakuambia: hapa palikuwa samaki. Kwa hiyo toleo la mzee wetu si la ajabu. Ni la kupimwa tu.

Sasa hesabu. Kidimbwi kipya cha ari 4 hakichimbwi mita nzima kwenda chini, kwa sababu udongo unaotoka ndio unaojenga kingo. Unachimba kadiri ya sentimita 60, kingo zinapanda, na maji yanafika sentimita 80 upande wa kuingilia na mita 1 na 20 upande wa kutokea. Mita za mraba 400 mara sentimita 60 ni mita za ujazo 240. Mwanaume mwenye nguvu, katika udongo laini, anatoa mita 2 kwa siku. Hiyo ni siku 120 za jembe. Tukimlipa mtu franka 5,000 kwa siku, ni franka 600,000, na sanduku linapata kidonda. Tukichimba wenyewe kwa salongo, wanawake 24, tukisema kila mmoja anatoa na kubeba mita 1 kwa siku, ni siku 10 za kila mmoja. Siku mbili kwa juma, majuma 5. Tuongeze majuma ya kushindilia kingo, maana udongo usioshindiliwa kila tabaka utavuja, basi ni miezi miwili. Miezi miwili ya mwanamke anayelima pia shamba lake, anayechota maji na kunyonyesha. Wanaosema kuchimba ni bure wanasahau hii.

Mtu anaposikia hivyo anakimbilia cha zamani. Lakini tulishuka tukakiangalia, tukaingiza fimbo katikati. Matope meusi yalifika sentimita 40, yenye harufu ya yai bovu. Matope kidogo ni mazuri, yanaziba vitundu vya chini na kulisha maji. Sentimita 10 zinatosha. Zile 30 zilizobaki lazima zitoke, na 30 mara mita za mraba 400 ni mita za ujazo 120. Nusu kamili ya kuchimba kipya, tena ya matope mazito yanayonyonya miguu. Mama mmoja alicheka akasema, “Kumbe tunanunua kazi kwa dola 350.” Hakukosea sana, ingawa matope hayo yakikauka ni mbolea ya kwanza kwa kabeji na maharagwe, na hilo nalo lina bei yake.

Kingo ndizo zilizotupa wasiwasi zaidi. Katika ukingo wa chini umeota mti wa mikalatusi, mnene sawa mwili wa mtu. Ukiukata, mizizi inaoza ndani na kuacha njia ya maji. Ukiuacha, mizizi inaendelea kutoboa. Dawa ni kufungua ukingo mahali pale, kung'oa mpaka mwisho, na kujenga upya kwa udongo wa mfinyanzi. Bomba la kutolea maji lilikuwa la mwanzi, limeoza.

Kuhusu uvujaji hakuna haja ya kubishana na mwenye kidimbwi. Unafunga maji yanayoingia, unasimika fimbo yenye alama jioni, unarudi kesho yake jioni. Jua la kwetu linapunguza kidogo tu, chini ya sentimita moja. Yakishuka sentimita nne, tano, kuna tundu. Tulipima: yalishuka sentimita mbili. Si vibaya kwa kidimbwi ambacho hakijashikwa mkono miaka mingi.

Tuseme pia neno juu ya hao “samaki wake”, kwa maana pale ndipo bei ilipopandia. Msikubali kulipia samaki waliomo. Tilapia jike anabeba mayai mdomoni mwake, na watoto wakitoka bado wanakimbilia mdomoni wakiona hatari. Ni mama wa kweli. Lakini anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na kidimbwi kilichoachwa bila kuvunwa kinajaa haraka, chakula hakitoshi, na wote wanabaki wadogo. Utaona samaki mwenye urefu wa kidole, ukadhani ni mtoto, kumbe ni bibi. Ukimpa pumba ni kama kumpa shule mtu aliyekwisha kustaafu. Tena ndani ya matope wanajificha kambare, ambao watakula vifaranga mtakaoweka. Kidimbwi cha zamani lazima kikaushwe kabisa, majuma mawili ya jua mpaka chini kupasuke, halafu chokaa kilo 10 kwa kila ari, yaani kilo 40 kwa hiki. Asiyepata chokaa hutumia majivu ya jikoni, mengi zaidi. Ndipo mnaleta vifaranga vipya, wale wanaoitwa alevini na maagronomu, 2 kwa kila mita ya mraba. Kwetu ni 800. Gharama hiyo ni ileile kwa kipya na kwa cha zamani, na kwa hiyo lazima ibaki ndani ya sanduku siku tunapomlipa mzee. Dola 400 toa 350 haziachi vifaranga 800, hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo cha zamani kinashinda: kina mashahidi. Masisi kuna baridi. Tilapia anapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30; chini ya 20 anakula kidogo sana, hazai, hakui. Ukichimba kipya mahali ambapo chemchemi ya mlima inaingia moja kwa moja, unaweza kungoja mwaka na nusu kupata samaki ambaye Walikale wanampata kwa miezi 6. Na hilo huwezi kulijua kabla ya kuchimba. Kwa kidimbwi cha mzee tulikwenda tu kwa wamama wa jirani waliokuwa wakinunua samaki pale zamani. Walituonyesha ukubwa kwa kiganja, wakatuambia mavuno yalikuwa mara moja kwa mwaka, na kwamba mfereji wa baba yake ulikuwa mrefu, unazunguka juani kabla ya kuingia. Yule mzee wa kwanza alijua alichokifanya. Mfereji ule ungalipo, umejaa majani tu.

Kipya nacho kina vipimo vyake, visivyo na gharama. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, ufinyange kama mpira, uurushe juu na kuudaka. Ukivunjika mkononi, usichimbe pale. Halafu toa shimo la kufika kiunoni, ujaze maji asubuhi, uongeze jioni, ufunike kwa majani ya mgomba. Kesho asubuhi maji yakiwa mengi bado, udongo unashika. Upande wa Sake, pale mawe ya volkano yanapoanza, wengi watakuta shimo limekauka. Shamba la mwenzetu lilishika vizuri.

Dada zetu wa Walikale, kwenu hesabu ni nyingine. Joto mnalo, maji mnayo mengi, na mfinyanzi haukosekani. Kazi yenu ni visiki vya msitu na mvua inayoweza kuvunja ukingo usiku mmoja. Kwenu tungechimba kipya bila kusita, tukiweka mapema njia ya maji ya ziada yenye wavu, ili mafuriko yasiondoke na samaki.

Lakini huku kwetu jambo lililochukua muda mrefu zaidi mkutanoni halikuwa matope. Lilikuwa: kidimbwi ni cha nani? Baba amekufa, mzee anayeuzisha ana ndugu watatu, mmoja yuko Goma. Sote tunajua namna inavyokwenda. Kikiwa shimo la majani hakuna anayekitaka. Siku ya mavuno ya kwanza, ndugu wanatokea na maneno. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini ni ukoo na shefu wanaojua mpaka uko wapi, na karatasi isiyokuwa na majina yao ni karatasi ya kuwashia moto. Wengine walisema sisi wanawake hatuwezi kusaini bila waume zetu. Hapo tulisimama kidogo kufundisha: tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kitabu cha Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mapatano. Kuzungumza na baba watoto nyumbani ni kitu kizuri. Kumngoja asaini ni kitu kingine.

Na vita? Ndiyo, liliulizwa. Mbuzi unakimbia naye, kidimbwi hapana. Ndiyo sababu kubwa ya sisi waandishi kutopenda kununua jumla. Dola 350 zikizama ndani ya udongo wa mtu siku moja, tukikimbia tumepoteza zote. Tukikodi kwa mwaka, tunapoteza mwaka.

Mwisho, watoto. Ukingo wa kidimbwi cha mzee ni njia ya wanafunzi wetu kwenda shuleni. Maji ya mita 1 na 20 yanafunika kichwa cha mtoto wa mwaka wa kwanza na wa pili. Yeyote atakayechagua nini, ua wa matete unajengwa kabla ya maji kuingia, na njia ya shule inahamishwa. Hilo hatukulipigia kura.

Basi tumemrudishia mzee jibu hili: hatununui, tunakodi miaka 5. Mwaka wa kwanza hatulipi, kwa sababu ya matope, mti na bomba. Kuanzia mwaka wa pili anapata sehemu moja ya kumi ya kila mavuno, kwa kilo, mizani ikiwa mbele ya watu. Samaki waliomo leo avue yeye mwenyewe. Ndugu zake watatu wasaini, yule wa Goma pia, mbele ya shefu wa kijiji na agronomu. Tukilazimika kuondoka kwa sababu ya usalama, miaka inasimama na kuanza tena tukirudi.

Aliomba majuma mawili ya kuongea na ndugu zake. Yakipita bila saini zote, tunakwenda na majembe katika shamba la mwenzetu kabla ya mvua za Septemba, na yeye pia atatuandikia karatasi, hata kama ni rafiki yetu. Kwa sasa kila mama analeta mkutanoni beseni moja la majivu makavu. Yatatumika pande zote mbili.