Mama foleni ya raia, binti foleni ya wageni

Ilikuwa usiku wa manane, Julai 2025, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Mama alitoa pasipoti yake ya Tanzania, akapita upande wa raia na baada ya dakika chache alikuwa anasubiri mabegi. Binti yake wa miaka 23 alibaki kwenye foleni ya wageni akiwa na pasipoti ya Marekani na dola 100 mkononi, ada ya viza kwa Wamarekani. Mbele yake walikuwapo watalii waliovaa viatu vya kupandia mlima.

Walipokutana kwenye mabegi walicheka. Mara ya mwisho kuja alikuwa na miaka 15, na alipita foleni moja na mama yake, kwa sababu wakati ule alitumia pasipoti ndogo ya Tanzania aliyokatiwa ubalozini Washington. Ile ilishaisha muda. Hakuna aliyeona haja ya kuihuisha, kwani ya Marekani ilikuwapo.

Binti alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 2002, wazazi wake wakiwa wanafunzi. Marekani humpa uraia kila mtoto anayezaliwa katika ardhi yake, isipokuwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia, kwa hiyo siku anazaliwa alikuwa Mmarekani bila mtu kuomba wala kula kiapo. Siku hiyohiyo alikuwa pia Mtanzania wa kurithi, kwa sababu baba na mama ni Watanzania wa kuzaliwa. Akakua na vyote viwili, kama watoto wengi wa ughaibuni wanavyokua, akiambiwa nyumbani ni Korogwe.

Na Korogwe ndiko aliko bibi yake, mkunga mstaafu. Mpaka leo akienda sokoni wanawake wa makamo humsimamisha na kumwonyesha vijana wenye ndevu: "Sista, huyu ndiye yule uliyemzalisha usiku wa mvua." Binti alisomea uuguzi kwa sababu ya hadithi hizo. Alipata shahada yake Ohio, akafanya kazi hospitalini mwaka mmoja, kisha akamwambia mama yake kwamba anataka kuja kuona kama anaweza kufanya kazi alikofanya bibi.

Wiki ya pili, binamu yake alimfungulia tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira kwenye simu. Nafasi za wauguzi zilikuwapo. Walianza kusoma masharti kwa sauti, bibi akisikiliza huku anachambua mchele. Sharti la kwanza, kama ilivyo kawaida ya matangazo hayo, lilitaka waombaji wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45. Chini yake kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, wadhamini, na agizo kwa waliosoma nje kuhakikisha vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika. Hayo ya vyeti yalimtisha zaidi. TCU itambue shahada yake, na Baraza la Uuguzi na Ukunga limsajili. Sharti la uraia alilipita haraka.

"Namba ya NIDA?" binamu akauliza.

Hakuwa nayo. Wakaamua kuanzia hapo, na NIDA ikawapeleka Uhamiaji.

Ofisa aliyewapokea hakuwa mkali. Aliiangalia ile pasipoti ya utotoni, akaigeuza, akauliza swali moja tu: "Una pasipoti nyingine?" Binti akaitoa. Ofisa akasoma tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kimya, kisha akamweleza kwa sauti ya mtu aliyewahi kulieleza jambo hilo mara nyingi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto anaweza kuwa na uraia wa Tanzania na wa nchi nyingine mpaka anapofikia utu uzima. Akifika miaka 18 anatakiwa kuukana ule mwingine, ale kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano na atoe tamko la wapi anakusudia kuishi. Asipofanya hivyo, uraia wa Tanzania unakoma. Hapelekewi barua wala hanyang'anywi kitabu. Unakoma tu, naye yuko darasani Ohio anajiandaa na mtihani.

"Kwa hiyo mimi si Mtanzania?" binti akauliza.

"Kwa sheria, hapana, dada yangu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yao. Aliuliza kama inawezekana kulipa faini.

Usiku ule walimpigia simu baba. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka zaidi ya 20 amekataa kuomba uraia wa Marekani. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, analipa kodi zote za huko, lakini pasipoti yake ni ya Tanzania na hilo hulisema kila penye Watanzania wawili. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini mimi sijawahi kuukana uraia wangu."

"Wewe ndiyo, Baba," binti akamjibu. "Mimi je?"

Baba hakuwa na jibu la haraka. Baadaye alikiri kwamba sheria hiyo aliwahi kuisikia. Alidhani inawahusu wale wanaokwenda mahakamani kuinua mkono na kuapa kwa bendera ya wengine. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa pili bila kuuomba, alidhani, hana kosa, na asiye na kosa hapotezi kitu. Wazazi wengi hufikiri hivyohivyo, na ni fikra yenye mantiki, ila sheria haikuandikwa hivyo. Haiulizi uraia wa pili uliupataje. Inauliza kama bado unao siku utoto unapokwisha.

Jambo jingine linalowapita wazazi wa ughaibuni ni kwamba uraia wa kurithi hauendi mbali. Hata kama binti huyu angekula kiapo chake kwa wakati na kubaki Mtanzania wa kurithi, mtoto ambaye angemzaa nje ya nchi asingeurithi kutoka kwake. Kwa waliozaliwa nje, mnyororo huo hushika kizazi kimoja.

Sasa njia gani imebaki? Wazo lake la kwanza lilikuwa la kishujaa: aende ubalozi wa Marekani Dar es Salaam akane uraia wa kule, halafu arudi Uhamiaji mikono mitupu. Ofisa alikuwa amemwonya mapema. Uraia wa Tanzania umeshakoma, na akiukana wa Marekani leo atabaki hana nchi yoyote duniani.

Njia iliyopo ni tajnisi, kama mgeni mwingine yeyote. Mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12 awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na uamuzi ni wa waziri. Bibi alihesabu kwa vidole: miaka minane kwa uchache, mjukuu atakuwa na 31. Wakati wote huo atahitaji kibali cha ukaazi, na akipata hospitali binafsi au ya dini inayomtaka, kibali cha kazi pia.

Shangazi alikuja na njia yake. Sheria inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa ndoa. "Tanga hii wanaume wamekwisha?" akauliza, na nyumba nzima ikacheka isipokuwa binti. Waume wa kigeni wa wanawake wa Kitanzania, kwa njia, hawakupewa mlango huo, jambo ambalo shangazi hakulijua na lilimkasirisha kwa muda.

Kuna pia hadhi maalumu ambayo mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili wapewe wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni nafuu kwa anayetaka kuja na kukaa kwao bila kuhesabiwa mtalii. Lakini hadhi hiyo si uraia, na tangazo la ajira linasema raia.

Ni rahisi kuiona Tanzania peke yake kuwa ngumu. Baba yuleyule, katika miaka yake yote Ohio, hajaweza kuomba kazi nyingi za serikali kuu ya Marekani, kwa sababu tangu agizo la Rais Gerald Ford la mwaka 1976 ajira za kawaida za utumishi huo ni za raia. Binti yake angeweza kuziomba kesho. Tofauti ni kwamba baba alijua anachokikosa na alikichagua.

Mazungumzo ya simu yaliyofuata hayakumhusu binti tena. Yalimhusu mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa hospitali ileile Columbus na ambaye atatimiza miaka 18 Desemba.

Kijana huyu mwaka uliotangulia alipanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na baba yake, na tangu hapo hana habari nyingine. Anataka kusomea uhandisi wa reli. Anajua mwendo wa kila treni ya umeme. Kwa hapa nyumbani reli hiyo ni ya shirika la umma, kwa hiyo ndoto yake inapita kwenye sharti lilelile la dada yake.

Mama alipinga waziwazi. Huyu ni mtoto, alisema, mwaka juzi alitaka kuwa mchezaji wa kikapu. Watu wanauza mashamba kutafuta karatasi anazotaka kuzitupa. Na kuzitupa kwenyewe kuna gharama: Marekani humtaka anayekana uraia afike mwenyewe mbele ya ofisa wa ubalozi nje ya nchi hiyo, na ada wakati huo ilikuwa dola 2,350. Akishakana, harudishiwi kwa kuomba radhi.

Baba naye, mtu wa pasipoti ya Tanzania, safari hii hakusema kitu cha kizalendo. Alisema tu kwamba wa kwanza hakupewa nafasi ya kuchagua, na huyu atapewa.

Mama ana hoja, na si ndogo. Kumwambia kijana wa miaka 17 achague nchi kwa maisha yake yote ni kumtwika mzigo ambao watu wazima wenye watoto wameuzunguka kwa miongo miwili. Lakini mzigo huo unafika tarehe yake iwe mzazi ameutaja au hajautaja. Familia hii iliuzungumza kwa mara ya kwanza ikiwa imebaki miezi mitano. Ingeuzungumza kijana akiwa na miaka 13 au 14, angekuwa na muda wa kuipenda treni, kuichoka, na kuona kama anairudia. Cheti chake cha kuzaliwa cha Ohio na vielelezo vya uraia wa wazazi vingekuwa tayari, na wangekuwa wamekwishauliza Uhamiaji kwa maandishi hatua ipi inatangulia ipi, ili asije akakana huku kabla ya kupokewa kule. Barua hiyo baba ameandika sasa. Wakati huohuo, kwa kuwa ni mvulana, sheria ya Marekani inamtaka akifika miaka 18 ajiandikishe kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Desemba itakuwa na shughuli.

Binti hakurudi Ohio na mama yake. Hospitali moja ya dini mkoani Tanga ilionyesha nia ya kumwajiri kwa mkataba, maombi ya kibali yameanza, na vyeti vyake vimepelekwa kuhakikiwa. Bibi alitaka kujua kama watu wa mkataba wana pensheni. Kisha akatoa sanduku la mabati, akamwonyesha barua yake ya ajira, ukurasa mmoja uliokunjika mara nne, usiokuwa na neno lolote kuhusu uraia, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza.

Mwisho wa Agosti mdogo wake alimtumia ujumbe wa WhatsApp.

"Dada, nikiukana, nitaweza kurudi kuwaona baba na mama?"

"Utaweza, kwa viza," akamjibu.

"Ni shilingi ngapi?"

"Kuomba ni dola 185. Na wakikukatalia hawarudishi."

Alama mbili za bluu zilitokea. Jibu lilichukua muda.

"Wewe ulilipa 100, sivyo?"