Jua Halidai Kodi

Mwaka 2017, wakati Amu nzima ilipokuwa imegawanyika juu ya mradi wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, nilitunga shairi la beti saba nikalighani barazani baada ya sala ya isha. Nyingi ya beti hizo sizikumbuki, na zile ninazozikumbuka si za kujivunia. Lakini mstari mmoja uliwapendeza watu, wakawa wakiurudia sokoni na mashuani: "Jua halidai kodi, wala upepo riale." Mizani ilitimia, kina kilikaa mahali pake, na maana ilikuwa nyepesi kushikika hata kwa mtoto wa chuoni. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya taifa ya mambo ya mazingira ilipoifuta leseni ya mradi ule wa megawati 1,050, mimi katika ujinga wangu niliona kama kwamba mstari wangu nao umeshinda kesi.

Sijutii kuyapinga makaa. Nayajutia maneno niliyoyapingia. Ubeti ukishapendwa hauulizwi tena ushahidi, nao wangu ulizunguka miaka saba bila ya mtu kuniuliza nimeupata wapi. Aliyeniuliza hatimaye ni mpwa wangu.

Dada yangu ameolewa upande wa Watamu, na mwanawe ni fundi wa umeme. Nilikwenda kuwazuru mwezi wa Juni 2024, majuma machache tu baada ya ghasia za Uyombo. Uyombo ni kijiji cha wavuvi na wakulima karibu na hori ya Mida, penye mikoko, kaa na ndege wanaohama kutoka nchi za baridi. Upande mmoja ipo hifadhi ya bahari ya Watamu, na upande wa bara upo msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo ndipo Serikali ya Kenya ilipopanga kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, kwa makadirio ya shilingi bilioni 500, ujenzi uanze mwaka 2027 na umeme upatikane mwaka 2034. Mwezi wa Mei wakaazi waliandamana, polisi wakawakabili, na watu wakajeruhiwa. Nami nilikwenda nimejiandaa kulia na wanaolia, na (nikiri) nikiwa na beti mbili tatu mfukoni.

Mpwa wangu aliniandalia kiti uani, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akasema: "Mjomba, ule ubeti wako nimeuhifadhi tangu niko sekondari. Lakini si kweli."

Nilimwambia aniambie uongo wake u wapi.

Alianzia mbali, Loiyangalani, kaskazini kabisa karibu na ziwa Turkana. Kule imesimamishwa mitambo ya upepo 365, yenye nguvu ya megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, nao upepo ulikuwapo, kwani kule haukomi. Kilichokosekana ni njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 kuufikisha umeme Suswa. Mkandarasi wa Kihispania alikuwa amefilisika, na njia haikukamilika mpaka Septemba 2018. Mkataba ulisema umeme ulipiwe hata usipochukuliwa. Basi upepo ukavuma, mapanga yakasimama, na mabilioni ya shilingi yakatozwa kwa kazi ambayo haikumwashia mtu taa. "Hiyo ndiyo riale ya upepo, Mjomba," akasema, "na mimi na mama tumeilipa katika tokeni."

Kisha akaja kwenye jua. Paneli zimeshuka bei, hilo hakulipinga. Kati ya mwaka 2010 na 2020 gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya jua duniani ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na yeye mwenyewe huzifunga juu ya mapaa ya watu. Lakini jua la pwani yetu linazama kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, ilhali Wakenya huhitaji umeme kwa wingi zaidi kuanzia saa moja usiku. Baina ya saa hizo mbili pana betri, na betri ina mwenyewe, naye anataka fedha zake. "Jua lina kodi," akaniambia, "ila hulipwa magharibi."

Nilinyamaza. Mtunzi aliyekosolewa kwa mstari mzuri kuliko wake hana la kufanya ila kunyamaza.

Kwa hoja hizo basi akawa anakitaka kinu. Aliniambia Ufaransa hupata takribani theluthi mbili ya umeme wake kwa nyuklia, na kwamba kinu cha Koeberg karibu na Cape Town kimekuwa kikitoa umeme tangu mwaka 1984. Nyuklia haina moshi, wala haingoji mapambazuko. Vijana wa Kilifi hawana kazi, akasema, na wanaokuja kuwaambia wakatae ni watu wenye jenereta.

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na ninaona kwamba ugomvi huu, kwetu na katika nchi nyingine, hupiganwa kwa maneno mawili yanayochanganywa kwa makusudi: bei na gharama. Bei ni ile anayoitaja muuzaji. Gharama ni yale yatakayokupata baada ya kununua. Mpenzi wa jua hutaja bei ya umeme wa saa sita mchana, akaisahau betri na nyaya. Mpenzi wa nyuklia hutaja bei ya umeme wa kinu kilichokwisha jengwa, ambacho deni lake limekwisha lipwa na watu waliokwisha kufa. Wanasiasa nao huokota humo tarakimu inayowafaa kwa jukwaa la siku hiyo. Kwa hakika upepo na urani hufanana kwa jambo moja kubwa: karibu gharama yote hutangulia, hukopwa, na mkopo huzaa riba iwe kazi inakwenda au imekwama.

Hapo ndipo nilipopata la kumjibu. Wafini walianza kujenga kinu chao cha tatu cha Olkiluoto mwaka 2005, wakitarajia kukiwasha mwaka 2009. Kilianza kazi yake ya kawaida mwaka 2023. Hao ni watu wenye vinu tangu miaka ya 1970, wenye wahandisi wao na benki zao. Ikiwa njia ya nyaya tu ilitushinda kwa wakati, nikamuuliza, riba ya miaka 14 ataitia katika tokeni ya nani?

Nikamwuliza pia juu ya usiku. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima yalikuwa kiasi cha megawati 2,300 mwanzoni mwa 2025, na siku tuliyozungumza yalikuwa chini ya hapo. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu yake, hata kule Olkaria mvuke wa ardhini, ulio wetu na usiokatika, huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingeubeba usiku wote huo karibu peke yake. Na siku kitakapozima ghafla?

Swali hili yeye ndiye aliyelijua zaidi yangu. Alikuna kidevu, akakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipozama gizani, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo. Kampuni ya umeme ya taifa ilisema chanzo ni kupotea kwa megawati 270 za upepo wa Turkana. Wenye mitambo wakajibu kwamba kosa lilitoka kwenye gridi na wao wakalazimika kujitoa. "Wafundishwavyo mafundi," akasema polepole, "mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi." Akataja vinu vidogo vinavyobuniwa siku hizi. Nikamkumbusha kwamba vinavyofanya kazi duniani ni vya kuhesabika kwa vidole. Tukacheka wote wawili, maana kila mmoja alikwisha poteza nusu ya alichokuja nacho.

Dada yangu alikuwa akisuka mkeka muda wote ule. Alituacha tukamaliza, kisha akasema: "Kaka, wewe na mwanao mwahesabu umeme. Mimi nauliza, hori imetiwa kwa bei gani?"

Hakuna aliyejibu. Nilitaka kusema kwamba upepo hauna dhambi hiyo, lakini nilikwisha soma habari za Marsabit. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yenye mitambo ile zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa wafugaji wenye malisho hayo hawakushirikishwa kama itakiwavyo. Mitambo ilikuwa imekwisha inzuliwa na Rais mwaka 2019. Hesabu ya umeme wa bei nafuu, nilioutungia shairi, ilifanywa bila ya malisho ya watu wale kutiwa ndani. Hori ya dada yangu isingekuwa ya kwanza kuachwa nje, wala kinu kisingekuwa cha kwanza kuiacha.

Mwaka 2025 Serikali iliugeuzia mradi uso wake Siaya, kwenye ufuo wa ziwa Viktoria. Dada yangu alipopata habari hiyo aliuliza kama wa huko nao wamekwisha ulizwa. Mpwa wangu amenunua betri ya pili; anasema ya kwanza ilichoka mapema kuliko alivyoahidiwa dukani. Mimi daftari langu la mashairi ninalo, na mstari ule nimeupiga kalamu. Nimejaribu kutia mwingine mahali pake. Kila nikiitia hori, mizani huzidi.