Viatu Kwanza, Shanta Baadaye: Kutoka Ngagara Hadi Milima ya Mugamba

Mtu anayesimama Ngagara alfajiri, kabla joto halijapanda, huyaona mashariki yote yamesimama mbele yake mfano wa ukuta. Nyuma yake kuna bonde la mto Rusizi na ziwa Tanganyika, ambalo uso wake u mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mbele yake kuna miteremko ya Mirwa, ipandayo ngazi kwa ngazi hadi nchi ya baridi ya Mugamba, ambako ardhi hupita mita 2,000. Mtaa wenyewe umelala katika uwanda wa Imbo, tambarare kama mkeka.

Ngagara ni mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, ng'ambo ya mto Ntahangwa. Ulijengwa katika miaka ya 1950, wakati mji ukiitwa Usumbura, na ile Ofisi ya Miji ya Waafrika iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1952. Wazee wengi bado huuita OCAF, kwa herufi za ofisi hiyo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, barabara zikanyooshwa, na sehemu zake zikapewa namba badala ya majina. Mtembeaji aweza kuzunguka kutoka kartiye moja hadi nyingine akihesabu hatua zake bila kukutana na kilima hata kimoja. Kwa sababu hiyo Ngagara ni mahali pazuri mno pa kufanyia mazoezi ya kutembea na mzigo mgongoni, na ni mahali pabaya mno pa kuchagulia viatu.

Kauli hii yahitaji maelezo. Kiatu kinachojaribiwa kwa hatua kumi juu ya sakafu hakifichui siri yake: kisigino kimetulia, vidole vina nafasi, na mnunuzi huridhika. Mlimani mambo hubadilika. Katika kupanda, kisigino huinuka na kusuguana na ukingo wa nyuma. Katika kushuka, uzito wa mwili pamoja na ule wa shanta husukuma mguu mbele, na vidole hugonga ncha ya kiatu mara elfu na elfu. Barabara ya taifa namba 1, ipitayo Kamenge, hupanda hadi Bugarama kwa zaidi ya mita 1,200 katika mwendo usiofika kilomita 40. Aliyenunua viatu kwa kipimo cha tambarare atakwenda huko akiimba, naye atarudi na kucha nyeusi.

Wanaoijua njia hiyo hawakujifunza dukani. Tangu usiku haujaisha, watu wa vilimani hushuka kuelekea mjini na viazi, kabichi na ndizi, wengine kwa baiskeli zilizofunikwa na mikungu hata mwendeshaji haonekani. (Wale wanaorudi juu kwa kujishikiza nyuma ya malori wasiigwe na mtu yeyote mwenye watoto wa kulea.) Kina mama huja na vikapu vyao kichwani. Chini ya kikapu ipo ngata, na neno hili Mswahili na Mrundi hawahitaji mkalimani, maana Kirundi nacho husema ingata.

Wataalamu nao wamewatazama wabebaji wa namna hii. Mwaka 1986 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kiluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda wa paji la uso. Walipimwa pumzi zao wakitembea. Ilionekana kuwa waliweza kuchukua mzigo wa sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiyebeba kitu, ilhali kwa makuruta wenye mashanta gharama ya nguvu iliongezeka pamoja na mzigo. Ufundi huo ni wa mwendo uliozoewa tangu utoto, na askari hawezi kuupata kwa wiki moja. Linaloweza kuigwa ni moja: mzigo wa mama yule umesimama juu ya mstari wa mwili wake. Haumvuti nyuma wala haumyumbishi.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu ya mizigo. Wapagazi wa misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 30 hivi, tena wengi wao wakiwa peku. Katika vita ya 1914 hadi 1918 majeshi ya wakoloni yalichukua wapagazi kwa maelfu. Wabelgiji walioingia Usumbura mwezi Juni 1916 walikuja na jeshi lililotegemea mabega ya watu. Jina Kariakoo, la Dar es Salaam na la Nairobi, ni masalio ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambacho watu wake walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Mwaka 1950 Mmarekani S.L.A. Marshall aliandika kitabu kizima juu ya mzigo wa askari, akishikilia kuwa usizidi theluthi moja ya uzito wa mwili. Kwa raia atembeaye kwa afya au kwa kuzuru nchi, hata theluthi hiyo ni nyingi. Aanze na sehemu ya kumi. Akifika sehemu ya tano bila maumivu ya magoti, hana haja ya kushindana na mtu.

Kwa familia inayoishi kwa mshahara mmoja, swali la kweli ni fedha itangulie wapi. Vijana hutazama shanta kwanza, kwa kuwa shanta huonekana. Lina mifuko mingi na mikanda ya kupendeza. Huo ni utaratibu wa kichwa chini. Shanta baya humchosha mtu, lakini kiatu kibaya humsimamisha njiani. Fedha iende miguuni kwanza, na kinachobaki kiende mgongoni.

Tangu soko kuu la Bujumbura liungue tarehe 27 Januari 2013, mnunuzi wa mitumba hana budi kuzunguka katika masoko ya mitaani. Mmoja wa mitaa hiyo ni Ngagara yenyewe, ambako soko huitwa COTEBU na watu wengi, kwa jina la kiwanda cha nguo cha zamani. Mtumba si aibu, nao huleta buti ambazo familia isingeweza kuzinunua zikiwa mpya. Lakini yafaa kiatu kichunguzwe kama fundi achunguzavyo. Kwanza kiwekwe juu ya meza iliyo sawa na kutazamwa kwa nyuma: kikilala upande, kimekwisha kufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, na hakitamwacha. Pili, kikunjwe, kikatike penye mzizi wa vidole, si katikati ya unyayo. Tatu, soli ibonyezwe kwa kidole gumba. Buti nyingi za ng'ambo zina tabaka la povu kati ya ngozi na mpira wa chini, nalo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi. Buti lililokaa sandukuni miaka kumi laweza kung'aa kama jipya, kisha soli ikabanduka siku ya kwanza mlimani. Povu likiwa limeanza kumeguka, fundi hana cha kufanya, maana gundi haishiki kitu kilichooza.

Mguu upimwe jioni, kwa kuwa huvimba kidogo mchana kutwa, tena ndani ya soksi zile zile za safari. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Baada ya hapo mnunuzi aombe ubao na tofali, aegemeze ubao juu ya tofali, asimame juu yake akiwa ameelekea chini, apige mguu mara tatu. Muuzaji atacheka. Vidole vikigusa ncha, kiatu kirudishwe, na muuzaji aachwe acheke.

Je, kila mtu anahitaji buti? La. Imepimwa kuwa kilo moja miguuni huchosha kama kilo tano hivi mgongoni, kwa sababu huinuliwa upya kila hatua. Mama au kijana mwenye shanta la kilo nane, katika njia kavu, huenda vizuri zaidi na raba zenye soli ngumu na meno yaliyo hai. Buti lenye kufunika kifundo cha mguu ni la mzigo mkubwa na la utelezi, na Mirwa wakati wa masika ni udongo mtupu. Katambuga za matairi zina sifa yake kwa aliyekulia ndani yake, hasa penye kuvuka vijito, ila hazimshiki mtu kisigino anaposhuka na mzigo. Penye kijiwe cha kahawa hakosekani mbishi wa kumtaja Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda mbio ndefu za Roma peku mwaka 1960. Ni kweli tupu. Lakini Bikila hakubeba shanta, na mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena akiwa na viatu.

Miguu mitupu ina adui mwingine katika njia za vumbi, naye ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alikuja kwa meli kutoka Brazil iliyotia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, akasafiri katika nyayo za wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika pwani ya mashariki. Anayelala safarini akague vidole vyake kila jioni, na vya watoto kabla ya vyake.

Soksi za pamba hunywa jasho na kulitunza, na ngozi iliyolowa ndiyo itoayo malengelenge. Sufu au nailoni ni bora zaidi. Makuruta wa kikosi cha majini cha Marekani walipochunguzwa katika miaka ya 1990, waliovaa soksi mbili, nyembamba ya ndani isiyoshika maji na nzito ya nje, walipata malengelenge machache. Jambo hili laweza kufanyika Ngagara kwa gharama ndogo. Mguu ukianza kuwaka mahali pamoja, mtembeaji asimame dakika ile ile, akauke, abandike plasta. Kungoja mapumziko kwa ajili ya kuonyesha ushupavu ni upumbavu wa kawaida wa vijana, na kikosi kizima huulipia.

Shanta, kama ilivyosemwa, laweza kungoja. Pengine halihitaji hata kununuliwa. Mshonaji mwenye cherehani nzito na turubai jema hulishona, mradi apewe kipimo sahihi: kutoka mfupa ujitokezao nyuma ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Mikanda ya mabegani iwe mipana na yenye sponji. Mkanda wa nyonga usisahauliwe, kwa sababu huo ndio uhamishao uzito kutoka mabegani hadi miguuni, nao ukaziwe juu ya mfupa, si juu ya tumbo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, kati ya mabega. Vyepesi vikae chini na nje. Ni lile somo la kikapu na ngata. Wakati wa mazoezi watie maharage au mchanga ndani ya mfuko wa kitambaa, kwa kuwa matofali huchoma mgongo, na mume na mke wapime mzigo kwenye mizani ya muuza mchele badala ya kukisia.

Mvua ikija, vitu vya ndani haviwezi kukingwa kwa mifuko ya plastiki, ambayo Burundi imeipiga marufuku tangu Februari 2020. Kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba chatosha. Raia ajihadhari pia na mashanta ya mtumba yenye rangi za jeshi. Katika nchi kadhaa za eneo hili, Tanzania ikiwamo, mavazi na zana za kijeshi mikononi mwa raia ni kosa, na mlinzi wa kizuizini hatapendezwa na maelezo marefu.

Vifaa vikishapatikana, mistari ya Ngagara hupata kazi yake halisi. Wiki mbili au tatu za kuzunguka alfajiri, kwanza bila mzigo, hulainisha ngozi ya buti na kuikomaza ile ya mguu. Wiki ya kuongeza kilo isiwe wiki ya kuongeza mwendo. Ndipo ifuate siku ya kupanda. Magari ya Burundi hupita kulia, basi mwenda kwa miguu ashike kushoto apate kuyaona yakija, na penye njia ya vilimani aiache lami kabisa, maana malori ya Bugarama hushuka kwa kasi.

Huko juu kuna baridi inayomshangaza mtu wa ziwani. Inapasa soksi zibadilishwe pale pale, shati kavu livaliwe, viazi viliwe vikiwa vya moto. Kabla ya kugeuka, kiatu kifunguliwe na kufungwa upya: kisigino kigongwe chini hadi kikae nyuma kabisa, kamba ikazwe sana juu ya kifundo, na ilegezwe kidogo penye vidole. Kona za kwanza ndizo zenye maumivu. Katika zile za chini uwanda wa Imbo hufunguka ghafla, ziwa likimeta upande mmoja, na mabati ya Ngagara huonekana kwa mistari yake, yakiwa bado mbali kwa mwendo wa saa mbili.