Jahazi la Hisa Nane: Siku Nne Matondoni

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na anayeitaka ana njia mbili: kupanda chombo katika gati la mji na kuuzunguka ukingo wa kisiwa, au kwenda kwa miguu mwendo wa saa mbili hivi mchangani, kati ya minazi na miembe. Sisi tulipita baharini kwa sababu tulikuwa na mama yetu, na miguu yake haiukubali mchanga tena. Kijiji hiki hakina hoteli kubwa wala maduka ya vinyago. Kina mikoko mbele yake, kina wanawake wanaosuka mikeka ya miyaa barazani, na ufukweni kina mlio wa nyundo usiokoma ila kwa adhana. Tangu mji wa Lamu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni huja kutazama milango ya nakshi na nyumba za mawe, nao hupiga picha majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji. Si machache kati ya hayo yaliyoundwa huku, au yanayorudi huku kutibiwa.

Nasi tulikuja kumtazama mgonjwa. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia jahazi la dhiraa 30 lililoundwa papa hapa zaidi ya miaka 30 iliyopita, lenye mlingoti mmoja, tanga moja, na injini ya dizeli ya silinda mbili ambayo aliitia baadaye chini ya shetri. Madeni yalipokwisha kulipwa, hesabu ya mirathi ilikuja sawasawa hata shekhe aliyeifanya akatabasamu. Mama alipata thumni yake, na sehemu saba zilizobaki zikawafikia watoto: ndugu zetu wawili wa kiume mbili mbili, nasi watatu wa kike moja moja. Hisa nane kamili. Kwa hiyo wanawake wa nyumba yetu, tukijumlishwa, tuna nusu ya chombo, na mwenye nusu ya chombo hana budi kujua nusu hiyo inavuja wapi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Jahazi likiwa katika maji matulivu mbele ya mji, injini hunguruma kutwa bila kusita. Likitoka kwenye mawimbi, hasa wakati wa kusi, injini hupunguza sauti, hukohoa, kisha huzima. Likikaa kitako saa moja, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Fundi mmoja alisema pampu ya dizeli imekwisha, inunuliwe mpya. Wa pili alisema injini nzima itupwe. Ndugu zetu, ambao ndio waliokuwa wakilipa mafundi, walichoka, wakaleta shauri: mlingoti na tanga viuzwe, pesa ziongezwe, itiwe injini kubwa zaidi, au chombo chote kiuzwe, kila mtu achukue chake. Shauri hilo si la kupuuzwa. Jahazi hilo ndilo linalomlisha mama, na ndilo linalochukua abiria wa Pate na Faza: akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wanaokwenda hospitalini, wanafunzi wanaorudi shuleni. Injini inayozima penye mawimbi si hasara ya pesa tu.

Siku ya kupweleza chombo haikuchaguliwa na fundi wala na sisi. Ilichaguliwa na mwezi. Kila nyumba ya Kiislamu ina kalenda ya Hijria ukutani, nasi huitazamia Ramadhani na sikukuu, lakini kwa watu wa vyombo kalenda hiyo ndiyo ratiba ya karakana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Kati ya mwezi 8 na 10, na tena kati ya 22 na 24, ni maji mafu, na chombo kizito hakiwezi kupandishwa juu ya kutosha. Tena katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo fundi hupata mchana mweupe wa kufanya kazi chini ya chombo. Sisi tulifika mwezi 15 wa Mfunguo Tano. Kesho yake jahazi lilikuwa limeegemea magadi mchangani, na mkuku wake uko wazi.

Fundi ni mtu mzima mwenye kofia ya vito iliyofifia, anayemwita mama yetu bibi na sisi wanangu. Hakuigusa injini siku ya kwanza. Alitwaa nyundo ndogo akaanza kugonga mbao, ubao baada ya ubao, kutoka omo hadi tezi, huku amelaza sikio. Mbao nzima hutoa sauti kavu. Iliyooza hujibu kwa uzito, kama mtu aliyeziba mdomo. Mbili zilijibu hivyo. Kisha aliikausha ngama kwa kitambaa, akapaka chokaa ndani kwenye maungo ya mbao, akatuambia tungoje maji yajae. Jioni bahari ilipofika ubavuni, chokaa iliota mstari wa majimaji mahali pamoja tu, ubao wa tatu kutoka mkukuni, upande wa kushoto. Mwanya huo ulikuwa mwembamba kuliko uzi, na kwa miaka miwili mabaharia walikuwa wakiyakumba maji yake kwa ndoo bila kujua mlango wake.

Mbao mbili zilibadilishwa kwa mbambakofi. Maungo yakatiwa kalafati upya: pamba iliyochovywa mafuta, ikasokotwa, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo mpaka ikawa ngumu kama ubao. Chini kukapakwa deheni. Juu ya mbao zisizozama kukapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na harufu yake ikatufukuza sote hadi kwenye mwembe, mitandio puani. Mama peke yake hakusogea. Alisema hiyo ndiyo harufu iliyokuwa ikirudi nyumbani na baba.

Siku ya pili ilikuwa ya injini. Fundi alikuja na kijana wake, naye kijana akaja na chupa tupu ya jamu. Alifungua kizibo kilicho chini ya tangi la dizeli, akakinga chupa, akaiweka juu ya jiwe, akaenda zake kuswali Adhuhuri. Tuliporudi, chupa ilikuwa imegawanyika. Juu kulikuwa na dizeli ya rangi ya asali. Chini kulikuwa na maji, vidole viwili kamili. Katikati kulikuwa na utando mweusi wenye utelezi, kama masizi yaliyolowa.

Akatueleza kwa upole, na maelezo yake tunayaandika kwa sababu vyombo vingi vya mwambao vina ugonjwa huu. Tangi likiachwa nusu, nusu ya juu hujaa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu. Usiku ukiwa baridi, unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi hushuka chini na kukaa. Pale maji na dizeli vinapokutana huota viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na uchafu wao ndio ule utando. Chombo kikitulia, uchafu hulala chini ya tangi na injini hunywa dizeli safi. Chombo kikitikiswa na mawimbi, uchafu huinuka, huvutwa katika bomba, huziba chujio, na injini hufa kwa njaa. Mawimbi yakipungua, uchafu hulala tena, na mtu akadhani injini imejiponya. Pampu haikuwa na kosa lolote. Pesa zilizokuwa zikitafutwa kwa ajili ya pampu mpya zingenunua machujio ya miaka mingi, na mgonjwa angebaki vilevile.

Tangi liliteremshwa, likaoshwa, likafutwa ndani. Kijana aliikataa pamba, kwa kuwa nyuzi zake zingeingia bombani. Akaomba kitambaa kilichochakaa kisichotoa nyuzi, na leso moja kuukuu ya mama ikaenda kazini. Kati ya tangi na pampu kukaongezwa chujio la pili lenye kikombe cha kioo chini, ili nahodha aone maji kwa macho kabla hayajafika mbali. Kisha ikabaki kazi ya kuitoa hewa, maana injini ya dizeli haivumilii hata povu dogo katika njia yake. Alilegeza skrubu juu ya chujio, akapiga pampu ya mkono. Dizeli ikatoka na mapovu, ikatoka na mapovu machache, ikatoka safi kama uzi. Akakaza. Injini iliwaka kwa mara ya pili.

Mengine yalikwenda haraka. Gurudumu la mpira linalovuta maji ya kupozea lilikuwa limekatika mabawa mawili, likabadilishwa. Oili nyeusi ilimwagwa, ikatiwa mpya. Rafadha ilikwanguliwa magamba, na kando yake kikafungwa kipande kipya cha zinki, ambacho kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya chuma cha thamani. Pale shafti inapopita kwenye mbao, kijana alikaza kidogo tu, akaacha tone moja moja lianguke injini inapofanya kazi. Si kila tone ni ugonjwa. Ukikaza mpaka pakauke, shafti husuguana na kamba yake na kuungua.

Hapa tunawageukia wasomaji wetu, hasa akina dada, ambao hupanda vyombo hivi wakiwa na watoto na kuona haya kuuliza. Kuna mambo yanayoonekana na kila mwenye macho. Injini ikiwa hai, tazama inapotoa maji ya kupozea: yakikatika, injini imeanza kuchemka, na mwambie nahodha mara moja. Tazama moshi. Mweusi ni dizeli nyingi au mzigo mzito kupita kiasi, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyowaka vizuri au maji yaliyoingia pasipo pake. Ulizia majaketi ya kujiokolea, na uvae, si kulikalia. Kisha tazama juu, kama tanga lipo na kama kamba zake ni nzima. Dua ya kupanda chombo tunaifundisha watoto wetu, nayo haimzuii mtu kuhesabu majaketi.

Kuhusu hilo tanga, usiku wa tatu barazani maneno yalikuwa marefu. Kaka yetu mkubwa alirudia shauri lake: injini imepona, basi mlingoti ni mzigo, unachukua nafasi ya magunia. Fundi hakubishana naye. Alimwuliza tu dizeli ya kwenda Faza na kurudi ni kiasi gani, na wakati wa kusi chombo kikienda kwa tanga na injini ikipumzika hubaki kiasi gani. Mama alikuwa kimya mpaka chai ilipokwisha. Ndipo akasema kwamba thumni yake imo katika mlingoti. Sheria haigawi chombo kwa namna hiyo, kaka alijua na mama alijua, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Mwezi 19 tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Siku hiyo maji yalikuwa yajae kiasi cha saa moja, na tulitaka kuupita Mkanda yakiwa juu. Mkanda ni mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, mizizi yake ikigusa maji kama vidole. Maji yakipwa, chombo kizito kitalala tope mpaka jioni, na mabaharia wanakuwa na pondo mikononi tayari. Tulipita kwa injini, polepole, sauti yake ikirudishwa na miti. Hakuna aliyesema neno. Sote tulikuwa tukisikiliza.

Mkanda ulipokwisha, ghuba ilifunguka, na upande wa kulia, kati ya Manda na Pate, bahari kuu ikaonekana kupita Manda Toto. Pale ndipo kusi huingiza mawimbi yake, na pale ndipo injini ilipokuwa ikifia. Nahodha aliamuru tanga liwe tayari kwenye foromali, asilingoje jambo. Wimbi la kwanza lilituinua, la pili likatutikisa hadi vyombo vya chai vikaanguka, na mtoto wa dada yetu akacheka. Kijana wa fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya chujio jipya, kurunzi mkononi, akikitazama kikombe cha kioo. Robo saa. Nusu saa. Injini haikubadili sauti. Kikombe kilikuwa na matone mawili ya maji chini yake, basi.

Nahodha akaizima kwa mkono wake mwenyewe, akatweka tanga. Kimya kilichofuata kilikuwa na mlio wa kamba na maji tu, na jahazi likainama kidogo upande wa kushoto, likashika njia ya Mtangawanda. Kaka yetu alikuwa amekaa omo, akiutazama mlingoti, halafu akaomba daftari. Ni daftari ambalo sisi dada watatu tulilianza Matondoni, lenye saa za injini, siku ya kubadili oili, siku ya kumwaga maji ya tangi, na kila shilingi iliyotoka. Aliandika ndani yake saa tuliyozima injini na saa tuliyotia nanga.

Tanga lina viraka vinne na mshono mmoja unaoachia. Tanga jipya la mardufu bei yake si ndogo, na hisa mbili za kaka bado hazijakubali. Tumeagana kuzungumza tena bamvua la mwezi mwandamo, Inshaallah, chombo kitakapopanda mchangani kwa kupakwa deheni ya pili.