Jina Lililopotea

Muhula huu mwalimu wa maktaba alinipa kazi ya kutengeneza programu ndogo ya kuonyesha majina ya wanafunzi waliokwisha kurudisha vitabu vyote. Ambaye jina lake halimo hapati ruhusa ya kwenda likizo mpaka alipe. Nilifurahi sana, nikajiona fundi. Niliiandika kwa PHP, na majina yenyewe yamewekwa katika hifadhidata ya MySQL.

Orodha ilipobandikwa, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alinijia pamoja na wenzake, akasema, "Kaka, nilirudisha vitabu vyote, lakini jina langu silioni." Nikamjibu kwa kiburi, "Kompyuta haisemi uongo. Nenda ukatafute chini ya kitanda chako." Akaenda zake kimya. Jioni nilimkuta bwenini akimwandikia baba yake barua ya kuomba fedha za kulipa kitabu. Barua ile ilinichoma moyo.

Usiku niliomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Kwanza niliandika lile swali ndani ya MySQL yenyewe, bila ya kupitia programu yangu. Nikapewa majina 42. Nikahesabu orodha ya ukutani: 41! Basi hifadhidata haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Nikaisoma programu mstari kwa mstari. Hapo juu nilikuwa nimeita mysqli_fetch_assoc mara moja, nipate kujua kama kuna majibu yo yote. Kisha chini nikaiita tena na tena mpaka majina yaishe. Lakini amri hiyo kila inapoitwa hutoa jina linalofuata, wala hairudi nyuma. Kwa hiyo jina la kwanza lilichukuliwa likatupwa, na orodha ikaanzia la pili. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na la yule mtoto ndilo lililotangulia yote. Niliufuta ule mstari wa juu, nikatumia mysqli_num_rows kuhesabu majibu. Yakatoka majina 42.

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya darasa lake, maana nilimkemea mbele ya watu. Bahati njema barua ilikuwa haijapelekwa posta. Alicheka tu, akasema, "Yamekwisha, kaka."

Wenzangu, kompyuta hufanya yale tuliyoiagiza, si yale tuliyoyakusudia. Mtu akikuambia kuwa hesabu yako imemsahau, hesabu tena kabla hujamkemea.