Maduka ya Mjomba: Safari ya Masasi na Newala

Mwezi wa tisa duka la Newala huwa limejaa bidhaa na halina fedha. Mchele umepangwa hadi karibu na dari, sukari iko kwenye mifuko ya kilo 50, madumu ya mafuta ya kula yamekula nusu ya mlango, na kwenye droo kuna sarafu chache za chenji. Mwenye duka hahangaiki. Mikorosho imeanza kudondosha, mnada wa kwanza uko mlangoni, na karibu kila jina lililomo kwenye daftari lake la madeni ni la mtu mwenye mikorosho.

Nilikwenda Masasi na Newala nikiyafuata maduka ya aina hii, ya kona na ya familia, yenye baraza mbele na vyumba vya kulala nyuma, ambako bibi alinunua kibiriti na leo mjukuu wake ananunua vocha. Kusini yetu husifiwa kwa korosho na vinyago, na sifa hizo ni za haki. Mimi naongeza maduka.

Masasi utaijua kwa mawe yake. Majabali ya kijivu yamesimama peke yake kwenye tambarare, makubwa kuliko jengo lolote mjini, na nyumba zimejikusanya chini yake kama watu waliokuja kuomba kivuli. Hapa ndipo Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipowaleta watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar, mwaka 1876. Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa, iko wilaya hii hii. Lakini Masasi ninayoipenda zaidi ni ile ya njia panda: huku Mtwara, huku Nachingwea, huku Tunduru, huku Newala, na kule Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililotuunganisha na Msumbiji mwaka 2010. Kila anayepita anahitaji maji, mkate, sabuni, na stendi haikosi mama mwenye sinia la ming'oko ya kuchemsha, bado ina mvuke. Kwa hiyo Masasi wamezaliwa wauzaji wa jumla, na maduka ya Newala huchukua mzigo kwao. Kumbuka hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kutoka hapo unapanda. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ndiyo inayowekewa lami, na wenyeji wameisubiri kwa muda mrefu kupita kiasi. Juu, hewa inabadilika. Unavuta sweta begani. Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, na mahali panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla miguuni, bonde la Ruvuma linafunguka chini yako, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Nimeona maeneo mengi yanayotangazwa kwa watalii nchini; machache yanashinda hapa.

Uzuri huo una gharama yake. Uwanda haushiki maji: mvua hunyesha, mchanga huinywa yote, na chemchemi ziko chini ya mteremko. Vizazi na vizazi vya wanawake wameteremka na kupanda na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 umepunguza adha hiyo, ila haujaimaliza, na nyumba nyingi bado zina kisima cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ndiyo maana ndoo na madumu matupu hayakosekani kwenye duka la Newala mwaka mzima.

Duka nililokaa nalo zaidi liko jirani na soko. Mwenyewe ni mzee mwenye kofia ya kiua, na wateja wote, wadogo kwa wakubwa, humwita Mjomba. Mafuta ya kula huyapima kwa vikopo vilivyotundikwa kwenye msumari: cha mia mbili, cha mia tano, cha elfu. Mafuta yakipanda bei hawezi kupandisha bei ya kikopo, maana mtoto ametumwa na sarafu moja tu mkononi. Anachofanya ni kukata kikopo kingine. Aliinama chini ya kaunta akatoa boksi la vikopo vya zamani na kuvipanga mbele yangu, vyote vya mia mbili. Cha kwanza kingetosha mboga ya watu sita. Cha mwisho kilikuwa kifupi kama kizibo. Sijapata kuona historia ya maisha ya Mtanzania ikielezwa wazi namna ile.

Kisha kaunta buku, lile daftari la madeni. Kila nyumba ina kurasa zake, na wengine hawakuandikwa majina ila mahali: mama wa mwembe, baba wa kisimani. "Mjomba, niandikie," anasema mteja, na Mjomba anaandika: sukari nusu, sabuni kipande, salfa. Kuanzia kifuku, mvua zinapofunga na ghala la nyumbani linapokauka, hadi korosho zinapouzwa, hilo ndilo neno linalosikika zaidi dukani. Mwezi wa tano hadi wa saba, mikorosho inapopulizwa hiyo salfa, dawa ya ubwiriunga, madeni hupanda. Mwezi wa sita na wa saba ni wakati wa sherehe za jando na unyago, na vitenge navyo vinaandikwa. Mwaka mzima wa familia umo humo.

Swali nililoenda nalo ni hili: duka kama hilo linavukaje kizazi? Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Kwa mila, mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake, ingawa siku hizi mirathi ya Kiislamu na sheria za nchi nazo zimeingia kati, na kikao cha msiba kinaweza kuchukua siku kadhaa. Shamba la mikorosho hugawika kwa mistari. Duka halina mistari. Mmoja akichukua mizani, mwingine rafu, mwingine madeni, biashara imekwisha. Mzee huyu alilipata kwa mjomba wake halisi, aliyemweka nyuma ya kaunta tangu utotoni. Ukoo ukagawana mikorosho na kuliacha duka zima mikononi mwa aliyeijua kazi. Nadhani uamuzi huo umeokoa maduka mengi kuliko mkopo wowote wa benki.

Yamepita mengine. Mwaka 1976 Serikali iliendesha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi. Nia ilikuwa kumkinga mwanakijiji na mlanguzi, lakini duka la kijiji lilikosa wa kuliamkia, na rafu zikabaki tupu. Ikaja miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, kisha ruksa ya Mzee Mwinyi. Na kabla Daraja la Mkapa halijajengwa Rufiji mwaka 2003, kifuku kilikuwa kinaitenga Kusini na Dar es Salaam kwa majuma. Mwenye duka aliyeweka akiba ya chumvi na mafuta ya taa aliheshimiwa kama shehe.

Mtihani mkubwa wa karibuni ulikuwa msimu wa 2018. Wanunuzi na Serikali hawakuelewana kwenye bei, Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Bei ilipokewa kwa furaha. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na malipo ya wengi yakachelewa miezi. Mkulima asiyelipwa atalipaje duka? Hapo ndipo Masasi inaporudi kwenye habari hii. Mjomba alishuka kwa muuzaji wake wa jumla, akamfunulia daftari lote, na yule akakubali kusubiri pamoja naye. Walioponea msimu ule ni wale waliokuwa na mtu wa kuwasubiri.

Kuna waliochagua njia fupi, yaani kangomba: kumpa mkulima mwenye njaa unga leo, kisha kuchukua korosho zake msimuni kwa kipimo na bei ya kutupa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007, na minada ya vyama vya ushirika kama TANECU ya Tandahimba na Newala, vilikusudiwa kuziba mwanya huo. Sina huruma na kangomba. Mwenye duka anayeandika shilingi na kulipwa shilingi amemkopesha jirani yake. Anayeandika korosho amemnunua. Mjomba anasema aliombwa mara nyingi aandike korosho, na wakulima wenyewe wakiwa wamekwama, akakataa. Oktoba 2024, minada ya kwanza ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, wateja wake waliuza korosho zote zikiwa zao, wakaja kulipa, wengine wakanunua na mabati.

Sasa anayekaa kaunta mchana kutwa ni binti wa dada yake, aliyerudi kutoka chuo. Ameongeza uwakala wa fedha za simu, na huo ndio unaoleta fedha taslimu miezi ya ukame wa droo. Ana mpango wa kutuma bodaboda zenye bidhaa hadi Kitangari na vijiji vya njiani. Walibishana mbele yangu, mjomba na mpwa, kwa heshima na bila kupunguziana bei. Mzee amekubali, ila kila bodaboda itabeba na daftari, kwa sababu huko Kitangari nako watu hulipa mwezi wa kumi na moja.