Saa Isemayo Lugha Mbili

Sisi makarani ni watu wa saa. Wakulima husema kwamba wao ni watu wa mvua, lakini hata mkulima akitaka kuliwahi lori la mboga liendalo Nairobi yampasa aijue saa. Hapa Emali saa zimejaa. Ziko katika simu, ziko katika magari, ziko katika stesheni ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017. Zote huendeshwa kwa umeme, zote husema neno moja, wala hakuna mtu azisikilizaye. Saa nitakayoieleza leo ni ya namna nyingine. Ina kimo cha mtu mzima, huendeshwa kwa uzito wa mkebe, na watu wawili watatu wamekwisha kuihukumu kuwa ni mbovu. Mimi nasema si mbovu, na yafaa niseme upesi, kwa maana wako watakao kuipasua tumbo.

Saa hiyo imo nyumbani kwa mjane mmoja, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni. Jina lake silitaji. Wote humwita Susu, ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo nyanya. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu mfugaji wa ng'ombe upande wa Ulu. Mwaka 1963 Mzungu yule alipofunga mizigo yake arudi kwao, mpishi alikuwa akimdai mshahara wa miezi mitatu. Fedha hazikutoka; ilitoka saa. Mzee akaileta kwa treni mpaka Emali, kisha kwa mkokoteni wa punda mpaka nyumbani. Majirani waliona sanduku refu jembamba limefunikwa blanketi, wakadhani ni jeneza, na wengine wakaanza kuomboleza kabla hawajauliza.

Mzee alifariki mwaka 2009. Mwaka huu alikuja mfanyabiashara wa vitu vya kale, akaitazama saa, akasema kwamba haifai ila kwa mbao zake. Atatoa shilingi 12,000, atang'oa vyuma vya ndani, atatia mashine ndogo ya betri, kisha ataiuza hotelini. Kwa upande wa pili, mwana mkubwa wa Susu, akaaye Mombasa, alisoma habari za saa za Kiingereza, akaandika barua kwamba hiyo bila shaka ni kazi ya fundi Tompion, tena ni mali ya mamilioni; isiguswe mpaka aje mwenyewe aiuze. Susu hasomi. Akaniita niisome barua ile, na baada ya kuisoma akaniuliza, "Mjukuu wangu, katika hao wawili nani asemaye kweli?"

Nilimwambia anipe muda. Nimejitia katika habari hizi kwa miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Saa za namna hii zilizaliwa kwa ajili ya ufito unaocheza. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza saa iongozwayo na pendulamu, yaani ufito uliotundikwa wenye uzito chini, wendao huku na huku kwa kipimo kisichobadilika. Kabla ya hapo saa nzuri iliweza kukosea robo saa kwa siku moja. Mwaka 1658 fundi Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza saa hizo mpya London. Yapata mwaka 1670 mafundi wa Uingereza wakapata kifaa kingine, chuma chenye umbo la nanga, kinachokamata na kuachia jino moja moja la gurudumu. Nanga ile iliuwezesha ufito mrefu kucheza kwa mwendo mdogo, na ufito wenye urefu wa sentimita 99 na kitu hupiga sekunde moja kamili kila uendapo na kila urudipo. Ufito mrefu na uzito ushukao huhitaji mahali pa kujificha, basi wakajenga sanduku refu. Sura ya saa hizi ilitokana na kazi yake, si na mapambo.

Ndugu yake ni saa fupi ya kuwekwa juu ya meza au rafu. Hiyo haina uzito, ina kamani. Kamani ikijazwa huvuta kwa nguvu nyingi, ikikaribia kwisha huvuta kwa unyonge, na mafundi waliutibu udhaifu huo kwa chuma cha umbo la pia kilichozungushiwa uzi, ili nguvu iwe sawa mwanzo hata mwisho. Nyingi zilikuwa na kamba ubavuni. Mtu aliyelala gizani aliivuta, na saa ikampigia tena saa iliyopita, asipate taabu ya kuwasha mshumaa. Mimi napenda habari ya kamba hiyo kuliko habari zote za dhahabu na nakshi.

Sasa Tompion. Thomas Tompion alikuwa fundi mkuu wa wakati wake. Ndiye aliyetengeneza saa mbili za chumba cha wanajimu wa Greenwich mwaka 1676, na alipofariki mwaka 1713 alizikwa Westminster Abbey, walimozikwa wafalme. Lakini saa ya Susu haiwezi kuwa yake. Uso wake ni wa bati lililopakwa rangi nyeupe, umechorwa maua ya waridi pembeni. Nyuso za Tompion ni za shaba. Hizi nyeupe zilianza kutengenezwa Birmingham yapata mwaka 1772, karibu miaka 60 baada ya kifo chake. Jina lililoandikwa usoni ni la fundi wa mji mdogo wa mashambani, na mara nyingi mtu wa namna hiyo alinunua vipande, akaviunganisha, akatia jina lake. Tena saa hii ina uzito mmoja tu juu ya mnyororo usio na mwisho, nayo huvutwa kila siku. Ndiyo saa ya wakulima na wenye maduka. Saa za wenye uwezo zilikuwa na mizito miwili na zilikwenda siku nane. Bei za saa hizi za mashambani zimeshuka sana huko Uingereza tangu kuanza kwa karne hii, kwa kuwa nyumba za siku hizi hazina nafasi nazo. Basi mamilioni ya mwana hayapo.

Lakini na yule mfanyabiashara naye hakusema kweli. Alisema saa imeharibika kwa sababu mbili: kwanza, yachelewa; pili, akrabu zikionyesha saba, kengele hupiga moja.

Hapo kwenye kengele ndipo nilipokaa sana. Nilifungua mlango wa sanduku nikamulika kwa tochi. Nyuma ya mashine pana gurudumu lenye mapengo ukingoni. Nafasi kati ya pengo na pengo yazidi kukua: ya kwanza ni ya pigo moja, ya pili mapigo mawili, hata kumi na mbili, jumla mapigo 78 kwa mzunguko mmoja. Gurudumu hilo halijui akrabu ziko wapi. Kila saa inapotimia huamshwa, hupiga hesabu ifuatayo ya hesabu iliyopita, hulala. Ndiyo namna ya kale. Mwaka 1676 Mwingereza Edward Barlow alibuni namna nyingine ambayo kengele hufuata akrabu daima, lakini saa nyingi za mashambani zilibaki na gurudumu lile la kale kwa miaka mia na zaidi. Mwenye saa ya kale akiinua kijiti kwa kidole, kengele hupiga na kusogea mbele saa moja, na akrabu hazitikisiki.

Basi mtu akiinua kijiti kile mara sita, akrabu zitabaki katika saba ya Kizungu, na kengele itapiga moja. Saa moja! Ndiyo saa yetu sisi, tuhesabuo tangu jua lichomozapo. Saa sita za mchana akrabu zote mbili zasimama juu penye kumi na mbili, na kengele yapiga sita. Nilisikiliza kutwa nzima, wala haikukosea hata mara moja.

Nilimwuliza Susu kama alijua. Alicheka. Alisema hapo mwanzo saa ilipiga saba asubuhi, watoto wakapigwa na butwaa, na yeye akashindwa kujua lini ateleke uji. Mzee akaketi mbele yake Jumapili moja na mchana wake mzima, mpaka ikaanza kusema sawasawa. Alipoulizwa kwa nini hakubadili na uso wake, alijibu, "Uso ni wa Mzungu, sauti ni yangu." Mzee yule hakwenda shule hata siku moja.

Msidhani ni yeye peke yake Afrika ya Mashariki aliyekaa na saa za ng'ambo akazitia katika maisha yake. Unguja, binti wa Sayyid Said, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, azitaja saa miongoni mwa mapambo ya vyumba vya watu wenye nafasi. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, mbele ya jengo palikuwa na mnara. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilikuwa zimempa Sayyid Khalid muda hadi saa tatu asubuhi. Muda ulipopita zikapiga mizinga, na kabla ya saa nne vita vilikwisha. Mnara ule uliharibika, na baadaye saa ikawekwa juu ya jumba lenyewe. Nao mnara huo wa pili uliporomoka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020.

Nirudi kwenye kuchelewa, kwa maana hilo halikuwa uongo. Nililinganisha na simu yangu kwa siku sita, nikaona saa yapoteza dakika mbili na nusu kila siku. Susu alisema imekuwa hivyo tangu ije, na mzee alizoea kusogeza akrabu dakika 17 kila Jumapili. Sababu yake haimo katika saa. Imo katika ardhi tuliyosimama. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akaona yachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku, ingawa Paris ilikuwa sahihi. Dunia imevimba kidogo katikati, tena yazunguka, na kwa hiyo vitu vina uzito mdogo kidogo karibu na ikweta kuliko kaskazini. Ufito ukivutwa kwa unyonge hucheza polepole. Emali iko kama digrii mbili kusini ya ikweta, tena zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, na urefu wa kwenda juu nao hupunguza mvuto. Nilipiga hesabu: saa iliyopimwa London ikasimamishwa hapa itachelewa yapata dakika mbili na nusu kwa siku. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu, kwa furaha zaidi kuliko kwa shaka.

Dawa yake ni kuufupisha ufito milimita tatu na nusu. Chini ya uzito wa ufito pana nati ya kuupandishia, lakini ilikuwa imeshikwa na kutu, huenda tangu kabla haijavuka bahari. Kwa ruhusa ya Susu niliilowesha mafuta ya taa usiku mmoja, nikaizungusha kidogo kidogo kwa siku kumi. Sasa haipotezi hata nusu dakika. Joto la mchana hurefusha chuma na kuila sekunde chache, na hizo tumeziachia.

Yako madhara ya kweli. Mchwa wamekula miguu ya sanduku, nalo limesimama juu ya matofali. Uzito wa asili ulipotea safarini, na mkebe wa samli uliojazwa vipande vya chuma ndio uvutao tangu 1963. Fundi seremala aweza kutengeneza miguu; mkebe mimi nisingeugusa.

Nilimweleza Susu yote haya: kwamba si mali ya mamilioni, wala si kuni. Alifikiri, kisha akasema, "Shilingi elfu kumi na mbili ni za sanduku. Mshahara wa mume wangu uko ndani, na huyo mtu ataka kuutupa." Akaniagiza niandike barua mbili. Ya mfanyabiashara ilikuwa na mstari mmoja tu. Ya mwana ilichukua kurasa mbili, na ndani yake nilichora lile gurudumu lenye mapengo, ili alione mwenyewe.

Jibu lake limefika juma lililopita. Amekubali saa ikae, atalipa seremala, naye aomba jambo moja tu: kwamba mimi, kwa kuwa sasa najua namna yake, niirudishe kengele ifuatane na akrabu, wageni wasicheke. Nilimsomea Susu. Alinyamaza kidogo, akainuka, akauvuta mnyororo kama afanyavyo kila jioni, akasema nimwandikie kwamba wageni watakaribishwa chai.